Nyota changa, sahani zake na mikondo yake: gesi inayotupwa nje ndiyo inayoruhusu nyingine ianguke

Chukua kiini cha wingu baridi angani, chenye gesi ya kutosha kuzaa nyota moja kama Jua. Nusukipenyo chake ni kilomita trilioni 1.5 hivi, yaani mara 10,000 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kinazunguka, lakini polepole mno: duru moja huchukua kama miaka milioni 6. Sasa kiache kijikunje kwa uvutano wake chenyewe mpaka kifikie ukubwa wa Jua. Nusukipenyo kimepungua mara milioni 2. Kasi ya kuzunguka inaongezeka kwa mraba wa namba hiyo, mara trilioni 4. Ukigawanya, unapata nyota inayomaliza duru moja kwa sekunde 50 hivi.

Nyota ya namna hiyo haiwezekani. Kitu chenye masi na ukubwa wa Jua kikizunguka mara moja kwa chini ya saa 3, gesi ya ikweta yake haishikiki tena, inatoka. Nyota changa tunazozipima, zile zenye masi isiyozidi mara 2 ya Jua, huchukua siku 1 hadi 12 kwa duru moja. Kwa hiyo njiani, kabla gesi haijafika kwenye nyota, karibu momenta yote ya mzunguko imeondolewa. Momenta hiyo (masi, mara kasi ya kuzunguka, mara umbali kutoka katikati) haipotei. Ili gesi moja iipunguze, lazima gesi nyingine iibebe na kwenda nayo mbali.

Maelezo mengi huileta sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa kama mabaki ya ujenzi, kisha mikondo inayofoka pande mbili kama pambo la ajabu juu yake. Mpangilio huo unapotosha. Sahani ndipo momenta inapohamishwa, na mkondo ni mojawapo ya njia zake za kutokea. Ukianza hapo, mengine yanafuatana.

Wingu moja, nyota tatu

Wakati wa jioni mwezi Desemba, tazama kundi la Ng'ombe. Kilimia kipo hapo, na karibu nacho ile nyota nyekundu, Aldebaran. Nyuzi 2 tu kutoka Aldebaran kuna wingu jeusi lisiloonekana kwa macho, L1551. Aldebaran iko mbele sana, miaka ya nuru 65. Wingu liko takriban miaka ya nuru 450. Kilimia nacho kiko karibu umbali huo wa 450, lakini nyota zake zina umri wa miaka milioni 100 hivi na sahani zao zilikwisha zamani. Nyota za L1551 zina umri wa miaka milioni moja au pungufu.

Ndani ya L1551 mna vitu vitatu vilivyofundisha sehemu kubwa ya somo hili. Cha kwanza ni IRS 5. Mwaka 1980 Ronald Snell na wenzake walipima mnururisho wa kaboni monoksaidi kwenye urefu wa wimbi wa milimita 2.6, wakakuta gesi baridi inakimbia pande mbili zinazopingana kutoka chanzo kimoja. Cha pili ni HH 30, iliyopigwa picha na darubini ya angani ya Hubble mwaka 1995. Cha tatu ni HL Tauri, ambayo picha yake ilitolewa Novemba 2014 na mtambo wa ALMA, antena 66 zilizoko kimo cha mita 5,000 katika jangwa la Atacama, Chile.

HH 30 ndiyo ya kuanza nayo, maana tunaiona kwa ubavu kabisa. Picha yake ina mstari mweusi katikati na vibakuli viwili vya mwanga, kimoja juu na kimoja chini. Mstari mweusi ni sahani yenyewe: vumbi lake ni zito kiasi kwamba nyota imefichwa nyuma yake na haionekani moja kwa moja. Mwanga wa vibakuli ni mwanga wa nyota uliogonga vumbi la uso wa sahani ukatawanyika. Angalia pia kwamba vibakuli hupanuka kadiri unavyotoka katikati, kwa sababu uvutano wa nyota hulegea huko na gesi huinuka zaidi. Kutoka katikati, wima kabisa dhidi ya sahani, mkondo mwembamba unatoka juu na chini ukiwa na mafundo mafundo.

Mafundo hayo yanasonga na yanapimika. Kasi ya kilomita 200 kwa sekunde ni sawa na kusafiri mara 42 ya umbali wa Dunia hadi Jua kila mwaka. Kwa umbali wa miaka ya nuru 450, mwendo huo unaonekana kama theluthi moja ya sekunde ya tao kwa mwaka (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Hubble hutofautisha vitu vilivyoachana sehemu ya kumi ya sekunde ya tao, kwa hiyo picha mbili zilizopishana mwaka mmoja zinatosha kuonyesha fundo limehama.

Sahani zilijulikanaje kabla ya picha

Nyota hizi zilitambuliwa kama kundi mwaka 1945, Alfred Joy alipoorodhesha nyota 11 zenye kubadilikabadilika kwa mwanga na mistari angavu isiyo ya kawaida kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake). Aliziita kwa jina la mmoja wao, T Tauri. Kwamba ni changa, hilo lilitetewa baadaye kidogo na Viktor Ambartsumian wa Armenia, kwa hoja kwamba makundi yao yamelegea mno kuweza kudumu muda mrefu.

Hoja ya sahani ilikuja kwa njia mbili, na zote mbili ni nzuri kuliko picha. Ya kwanza: vipimo vya infraredi, hasa baada ya satelaiti ya IRAS kurushwa mwaka 1983, vilionyesha nyota hizi zinatoa mnururisho wa vumbi moto kupita kiasi. Ukikadiria ni vumbi kiasi gani linahitajika, unakuta kwamba likisambazwa kama mpira kuizunguka nyota, nyota isingeonekana kabisa. Lakini inaonekana. Basi vumbi lazima liwe bapa.

Ya pili ni ya Immo Appenzeller na wenzake, 1984. Mstari wa oksijeni wa nanomita 630.0 hutoka kwenye gesi nyembamba inayotupwa nje. Kama gesi inatupwa pande zote, nusu yake inakuja kwetu na nusu inatuacha, na mstari ungetakiwa kuonyesha nusu zote mbili. Kwenye nyota nyingi ilionekana nusu inayokuja tu. Kuna kitu kisichopitisha mwanga, kipana kama mfumo wetu wa sayari, kinachoziba upande wa nyuma.

Leo nyota hizi hupangwa kwa madaraja. Daraja la 0 ni pale gesi ya kifuniko, yaani gesi ya wingu ambayo bado inaizingira nyota, ina masi kubwa kuliko nyota. Daraja la I, kifuniko kipo lakini kimepungua. Daraja la II ni T Tauri halisi, nyota na sahani, kifuniko kimekwisha. Daraja la III, sahani imekwisha au imebaki kidogo sana. Madaraja ya 0 na I kwa pamoja huchukua kama nusu milioni ya miaka. La II huchukua milioni 2 au 3.

Tatizo la mpango huu ni kwamba daraja husomwa kwenye mteremko wa mnururisho (unavyopanda au kushuka) kati ya mikromita 2 na 20, na mteremko huo hutegemea unatazama kutoka wapi. Nyota ya daraja la II ikitazamwa kwa ubavu, sahani huziba mwanga wake na mteremko unafanana na wa daraja la I. HH 30 ingetazamwa kutoka juu ingekuwa T Tauri ya kawaida tu. Anayehesabu madaraja ili apate umri wa wingu bila kuondoa sahani za ubavu ataongeza nyota changa ambazo hazipo. Dawa yake ni kutafuta kifuniko chenyewe kwa mawimbi ya milimita, kupitia molekuli zinazong'aa penye gesi nzito tu. Kifuniko kisipoonekana, ni sahani iliyolala kwa ubavu.

Gesi inavyoifikia nyota

Sahani haigusi nyota. Uga wa sumaku wa nyota hizi una nguvu ya gausi 1,000 hadi 3,000 kwenye uso, maelfu ya mara kuliko wa Dunia, na huikata sahani kwenye umbali wa kama nusukipenyo 5 za nyota. Kutoka hapo gesi hufuata mistari ya sumaku na kuanguka karibu na ncha. Kwa nyota yenye nusu ya masi ya Jua na upana mara 2 ya Jua, mwanguko huo hufikia kilomita 275 kwa sekunde. Inapogota, gesi hupata joto la nyuzi milioni, na chini yake uso wa nyota hupata mabaka ya nyuzi 8,000 hadi 10,000 wakati sehemu nyingine ziko 4,000 tu. Urujuanimno wa ziada hutoka kwenye mabaka hayo.

Kiasi kinachoanguka kwa kawaida ni sehemu moja ya milioni 100 ya masi ya Jua kwa mwaka. Namba hiyo inasikika ndogo mpaka uipime kwa kitu unachokijua: ni kama Mwezi wetu mzima kumezwa kila baada ya miaka 4.

Anayechunguza spektra ya nyota ya namna hii huanza na mistari miwili. Lithi, kwenye nanomita 670.8, huteketea nyota ndogo inapopata joto ndani, hivyo ikiwepo kwa wingi ni dalili ya uchanga. Hidrojeni, kwenye nanomita 656.3, husema kama gesi inaanguka. Kuwepo kwa mstari huo tu hakutoshi, kwa maana nyota nyekundu zenye uso wenye vurugu nazo hutoa mstari huo hata zikiwa zee. Pima upana wake pale unapokuwa asilimia 10 ya kilele: ukizidi kilomita 270 kwa sekunde, ni gesi inayoanguka. Kosa jingine la kawaida ni kusoma aina ya nyota kwenye mwanga wa buluu. Mwanga wa mabaka ya moto hujaza mistari ya nyota ikaonekana hafifu, nawe unaiandika nyota kuwa na joto kuliko ilivyo. Soma kwenye mwekundu.

Namna momenta inavyotoka

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli. Kwa miaka mingi jibu lililopendwa lilikuwa vurugu ndani ya sahani: tabaka za ndani zikisugua za nje, momenta huhamia nje na gesi huteleza ndani. Steven Balbus na John Hawley walionyesha mwaka 1991 kwamba uga dhaifu wa sumaku unatosha kuzua vurugu hiyo, mradi gesi iwe na chaji. Lakini kuanzia karibu umbali wa Dunia hadi makumi ya vizio (kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua) katikati ya sahani ni baridi na giza. Gesi haina chaji za kutosha, sumaku haiishiki, vurugu inakufa. Na picha ya HL Tauri inaunga mkono hilo: mipasuko kati ya pete zake ni mikali mno ingawa sahani imeinama mbele yetu. Vumbi lingekuwa limeinuliwa na vurugu, mipasuko ingezibwa. Tabaka la vumbi pale, kwenye umbali wa vizio 100, lina unene wa kama kizio 1.

Jibu la pili ni upepo unaoanzia kwenye sahani yenyewe, uliochorwa kihesabu na Roger Blandford na David Payne mwaka 1982. Gesi iliyonaswa kwenye mstari wa sumaku ni kama shanga kwenye waya ulioinamishwa unaozungushwa. Waya ukiwa umelala chini ya nyuzi 60 kutoka usawa wa sahani, mzunguko wenyewe unairusha shanga nje. Ukiwa wima zaidi ya hapo, shanga inabaki mpaka joto liisukume.

Fuata kilo moja ya gesi. Mstari wa sumaku unailazimisha izunguke kwa mwendo uleule wa chanzo chake huku ikitoka nje. Ikifika mara 3 ya umbali ilikoanzia, momenta yake imekuwa mara 9 ya mwanzo. Ilianza na fungu 1, sasa inabeba 9. Hayo 8 yametoka kwenye sahani. Kilo 8 za gesi iliyobaki sasa zinaweza kuanguka. Huo ni ukadiriaji wa haraka, lakini unaeleza kwa nini, vipimo vinapolinganishwa, gesi inayotupwa kwa kawaida huwa karibu moja ya kumi ya inayoanguka, hata kama namba hutawanyika sana kutoka nyota moja hadi nyingine. Mbali zaidi, mistari ya sumaku hubaki nyuma, hujiviringisha kuzunguka mhimili na kuibana gesi. Ndipo upepo uliotoka mpana unakuwa mkondo mwembamba.

Kuthibitisha kunahitaji kuona mkondo wenyewe ukizunguka. Hilo ni gumu: mwendo wa kuzunguka ni kilomita chache tu kwa sekunde, juu ya mwendo wa kutoka wa mamia. Mwaka 2017 ALMA iliupima kwenye HH 212, katika kundi la Jabari. Kutokana na kiasi cha mzunguko, gesi ile ilirushwa kutoka umbali wa sehemu ya ishirini ya kizio. Hiyo ni karibu sana na nyota. Upepo wa polepole unaotoka mbali zaidi huonekana kwenye nyota kadhaa, na kwa maoni yetu huo ndio unaofanya kazi kubwa katika sehemu baridi ya sahani, ijapokuwa mkondo wa kati ndio unaopendeza kwenye picha.

Usichanganye mkondo huo na gesi aliyoiona Snell. Mkondo ni wa atomi na molekuli chache, kilomita 100 hadi 300 kwa sekunde. Gesi ya kaboni monoksaidi huenda kilomita chache hadi makumi kwa sekunde, na sehemu kubwa ni gesi ya wingu iliyofagiwa njiani. Ukiihesabu yote kama iliyotoka kwenye nyota, utapata masi isiyo na maana. Mafundo yanayong'aa kwenye mkondo, yaliyopewa majina ya George Herbig na Guillermo Haro (ndiyo maana ya HH), ni mahali gesi ya kasi inapoipiga ile iliyotangulia. Msongamano wake husomwa kwenye mistari miwili ya salfa, nanomita 671.6 na 673.1: uwiano wa kwanza kwa wa pili ukiwa karibu 1.4, gesi ni nyembamba. Ukishuka kuelekea 0.45, elektroni zimezidi 10,000 kwa kila sentimita ya ujazo. Baada ya hapo uwiano haubadiliki tena, na kipimo hakifai.

Mwanguko nao si wa sare. Mwaka 1936 hadi 1937 nyota FU Orionis iliongezeka mwanga mara 250 hivi, na bado haijarudi ilikokuwa. Gesi ilikuwa imerundikana, kisha ikafunguka, kwa kiwango cha mara 10,000 ya kawaida. Sahani nzima hupashwa joto. Kwenye V883 Orionis, nyota iliyo katika hali hiyo, mstari ambako maji huanza kuganda ulikutwa mwaka 2016 umesukumwa hadi vizio 40 hivi. Katika sahani tulivu ya nyota kama Jua, mstari huo uko kwenye vizio vichache tu.

Kupima masi ya sahani, na mahali hesabu inapodanganya

Njia ni moja: pima mnururisho wa vumbi kwenye milimita 1.3, zidisha kwa mraba wa umbali, gawanya kwa uwezo wa vumbi kunururisha na kwa mwangaza wa kitu chenye joto la vumbi hilo. Tuseme sahani iliyo kwenye kundi la Ng'ombe inatoa jansky 0.1 (jansky ni kipimo cha nguvu ya mnururisho unaotufikia). Chukua joto la kelvini 20 na uwezo wa sentimita za mraba 2.3 kwa gramu ya vumbi. Unapata vumbi lenye masi ya Dunia 56. Zidisha kwa 100, uwiano wa gesi kwa vumbi katika anga la kati ya nyota: Dunia 5,600, karibu Mshtarii 18, au asilimia 1.7 ya Jua.

Sasa badili joto tu, kutoka 20 hadi 30. Vumbi linashuka hadi Dunia 34. Ule uwezo wa kunururisha hutegemea ukubwa wa chembe, na unaweza kukosea kwa mara kadhaa. Chembe zilizokua kupita sentimita hazionekani kabisa: mwamba wa mita moja una masi kubwa na uso mdogo. Sehemu ya ndani ya sahani ni nene mno, tunaona uso wake tu. Makosa haya mawili ya mwisho yanasukuma upande mmoja, kwa hiyo masi ya vumbi iliyochapishwa isomwe kama kima cha chini. Uwiano wa 100 nao unakopwa tu, haujapimwa kwenye sahani yenyewe.

Vumbi lina shida yake nyingine. Shinikizo huibeba gesi kidogo, hivyo gesi huzunguka polepole kuliko inavyotakiwa, kwa makumi ya mita kwa sekunde. Jiwe halibebwi na shinikizo. Linakwenda kwa kasi kamili na kukutana na upepo wa uso kwa uso. Stuart Weidenschilling alipiga hesabu mwaka 1977: kitu cha mita moja, kikiwa kwenye umbali wa Dunia, huangukia nyota ndani ya miaka 100 hivi. Pete ndizo zinazoliokoa. Penye kilele cha shinikizo upepo huo hukoma na mawe hukusanyika. Sahani 20 zilizochunguzwa na ALMA kwa picha zinazotofautisha vitu vilivyoachana vizio 5, matokeo yakatolewa 2018, karibu zote zilikuwa na pete au mikono iliyojiviringisha. Kila pengo si ushahidi wa sayari, hata hivyo. Sayari za kwanza kuonekana bila shaka ndani ya pengo ni zile mbili za nyota PDS 70, moja mwaka 2018 na nyingine 2019.

Mwisho wa sahani huja ghafla. Mwanga mkali wa nyota huipasha gesi ya juu hadi nyuzi maelfu, na kuanzia vizio vichache kutoka kwenye nyota gesi hiyo hutoroka. Mwanguko ukipungua chini ya kiasi kinachotoroka, sehemu ya ndani haipati tena gesi kutoka nje. Inamezwa yote ndani ya miaka 100,000 hivi, na mkondo unazimika nayo. Katika makundi mengi nusu ya nyota zimepoteza sahani kwa miaka milioni 3, na kwa milioni 10 karibu zote.

Nyota TW Hydrae haijafuata utaratibu huo. Iko miaka ya nuru 195 tu, tunaitazama karibu kutoka juu, na umri wake unakaribia miaka milioni 10. Kaboni monoksaidi yake huganda kwenye vizio 30, na ALMA ilikuta pengo kwenye kizio 1 mwaka 2016. Gesi bado inaanguka juu yake, kwa kiwango cha kama moja ya tano ya nyota changa ya kawaida.